Furaha ya kila siku Nyanda za Juu Kusini: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa huku Uyole, Mbeya. Kabla ya kustaafu nilifundisha shule za msingi, kwanza Rungwe, kisha Mufindi, mwisho hapa. Kila Jumamosi jioni, hisa zikishahesabiwa na kisanduku kikafungwa kufuli zake tatu, watu hawaondoki. Chai inaletwa, maneno yanaanza: huyu hana raha, yule kachoka, mwingine anashangaa jirani yake asiye na kitu anacheka kutwa nzima kwa sababu gani. Kwa kuwa nina ugonjwa wa kusomasoma mambo ya saikolojia, maswali yananiangukia mimi. Yale yanayorudi kila mara nimeyaandika hapa jinsi yalivyoulizwa. Mimi si daktari, na pale panapohitaji daktari nimesema.

Hiyo furaha unayotuhubiria kila Jumamosi ni ipi hasa?

Ziko mbili, na tukizichanganya hatutaelewana. Ya kwanza ni jinsi unavyojisikia saa kwa saa: ulivyoamka, ulivyocheka na abiria mwenzako kwenye daladala, hasira iliyokupanda mwenye duka alipokosa chenji. Ya pili ni hukumu unayoitoa ukikaa chini ukayapima maisha yako yote: nimesomesha, nimejenga, au nimepoteza muda. Mtu anaweza kuwa na moja akaikosa nyingine. Kila mtaa una mzee mwenye nyumba tatu na uso wa mtu aliyeibiwa. Na pale soko la Mwanjelwa utamkuta kijana anasukuma mkokoteni wa viazi. Ukimuuliza maisha atakwambia bado hayajakaa sawa, lakini kutwa anataniana na wateja, na usiku analala fofofo.

Hapa naongelea zaidi ile ya kwanza. Ya pili inataka miaka, na pengine bahati. Ya kwanza unaweza kuigusa kesho.

Nikipata hela si mambo yote yatakaa sawa?

Mengi yatakaa sawa. Wanaosema pesa haileti furaha, wengi wao huwa wameshakula. Ada, kodi ya chumba, nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali ya Rufaa: hizo ni huzuni ambazo dawa yake ni noti, na kumwambia mwenye nazo atabasamu tu ni kumkosea adabu.

Kinachotupotosha ni kudhani kila pesa inayoongezeka italeta raha ya kiasi kilekile. Wahenga walishaliona: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani, wakawalinganisha na watu wa maeneo hayohayo ambao hawakushinda kitu. Furaha ya washindi haikuwazidi wenzao kwa tofauti ya maana. Tena mambo ya kawaida, kama kuongea na rafiki, kupata kifungua kinywa au kusikia kichekesho, yaliwapa raha ndogo kuliko ilivyokuwa kwa wengine. Aliyetoka kulamba asali, chai ya kawaida huiona chungu.

Lakini watu 22 ni wachache, na haki itendeke. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa 2020, uliohusu maelfu ya washindi, ulionyesha kuwa waliopata fedha nyingi waliendelea kuridhika na maisha yao hata baada ya miaka zaidi ya kumi. Furaha ya siku hadi siku ndiyo haikusogea sana. Unaona sasa kwa nini nilianza kwa kuzitenganisha hizo mbili?

Mimi mwenyewe nilipopata kiinua mgongo nilinunua makochi ya rangi ya maziwa, nikayatandikia vitambaa vya kufuma. Mwezi wa kwanza nilikuwa naamka usiku kuyatazama. Mwezi wa nne yakawa mahali pa kurundika nguo zisizokunjwa, na wageni wote wakarudi kukaa jikoni kwenye vigoda, karibu na moto, kama zamani.

Basi hii kidogo niliyonayo niitumieje?

Kwanza toka kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani inayomkausha mtu. Hakuna ushauri wa furaha utakaofanya kazi kwa mtu anayejificha uvunguni mkopeshaji akigonga mlango. Katika miaka yangu ya ukatibu sijaona kitu kinachokondesha watu kama mikopo ile ya marejesho ya kila siku: mtu anakopa huku alipe kule, halafu anakopa pa tatu alipe huku. Ukibanwa, kopa kwenye kikundi chako, ambako riba inarudi kwenu wenyewe mzunguko ukivunjwa, yaani akiba ikigawanywa mwishoni. Na kama umeshazama, sema mapema. Aibu ya kusema ni ya siku moja.

Pili, mpe mtu. Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walifanya jaribio lililochapishwa 2008. Huko Vancouver, Kanada, waliwapa watu asubuhi bahasha yenye dola 5 au 20. Wengine waliambiwa wajinunulie kitu, wengine wamnunulie mwingine au watoe msaada, kabla ya saa kumi na moja jioni. Jioni wale waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na wa dola 5 hakupitwa na wa dola 20. Baadaye watafiti hao walipima jambo hilohilo Kanada na Uganda, wakakuta mwelekeo uleule. Kwa hiyo usisubiri utajirike. Soda moja kwa mtoto wa jirani aliyefaulu inatosha kuipa siku yako ladha. Ila toa kwa kupenda. Michango ya harusi ya kulazimishwa kwenye grupu la WhatsApp sijaiona kwenye utafiti wowote, na nadhani matokeo yake yangekuwa kinyume.

Tatu, igawe raha vipande. Vitu vidogo mara nyingi humfaa mtu kuliko kikubwa mara moja kwa mwaka. Kahawa ya Mbozi iliyokaangwa nyumbani, mchele wa Kyela wa Jumapili moja kwa mwezi badala ya kila siku. Ukila kila siku, harufu yake utaacha kuisikia.

Mzunguko ukiisha, tununue viti vya kukodisha au twende matembezi?

Hili lilikaribia kutuvunja. Mweka hazina alitaka viti vya plastiki na masufuria: vinakodishwa, vinaingiza hela. Vijana wakataka Kitulo. Nusu ya kikundi walikuwa wamezaliwa Mbeya, wameishi Mbeya, na Kitulo wanaisikia redioni. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, uwanda wa juu mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wanauita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake.

Leaf Van Boven na Thomas Gilovich, mwaka 2003, walionyesha kuwa watu wakikumbuka fedha walizotumia kwa mambo ya kufanya, kama safari, hufurahi zaidi kuliko wakikumbuka walizotumia kwa vitu vya kumiliki. Sababu moja nadhani ni hii: kitu kinazeeka, safari inanoga kadiri inavyosimuliwa. Sisi tulipanda kwa njia ya Chimala, ile barabara yenye kona 57 ambayo watu huita Hamsini na Saba. Gari ndogo, mama mmoja akihesabu kona kwa sauti na kukosea kila mara, mwingine akiomba Mungu kwa Kinyakyusa. Ilikuwa Februari, maua yapo, ukungu unakuja na kuondoka, mvua ikatunyea tukala ugali baridi ndani ya gari. Siku yenyewe, kusema kweli, tulilalamika sana. Leo hakuna kikao ambacho kona zile hazitajwi.

Jibu langu: kama kuna njaa ndani ya kikundi, nunueni viti. Kama hakuna, nendeni. Na tangazeni tarehe mapema, kwa sababu wiki za kuingoja safari nazo ni raha, tena ya bure. (Viti tulinunua mwaka uliofuata. Mweka hazina bado anatusimanga.)

Mbona kila jibu lako linaishia kwa watu?

Kwa sababu ndiko ushahidi unakoishia. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia wanaume 724, baadhi wakiwa wanafunzi wa chuo hicho na wengine vijana wa mitaa maskini ya Boston, na kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 80, ikafika kwa wake zao na watoto wao. Jambo lililojitokeza kuliko mengine ni kwamba waliokuwa na uhusiano mzuri na watu wao walikuwa na furaha zaidi na afya bora uzeeni.

Sisi hatukuhitaji Harvard kwa hilo. Miaka ya 1930, mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi Unyakyusa. Walikuta wavulana wa rika moja wakitoka kwa baba zao na kujijengea kijiji chao wenyewe, na wakazee pamoja humohumo. Neno alilolishika Monica Wilson kuliko yote ni *ukwangala*: kufurahia kukaa na wenzako. Ndani yake kuna kula na kunywa pamoja, kuna mazungumzo ya watu walio sawa, kuna adabu, kuna kusaidiana. Wazee wa Kinyakyusa waliona kijana asiyekaa na wenzake akaongea nao hawezi hata kupata akili; maongezi ndiyo yalikuwa shule yenyewe. Nilifundisha Rungwe miaka sita kabla sijalielewa neno hilo. Nilidhani wazee wale waliokaa mgombani jioni wanapoteza muda.

Sasa angalia tulivyo. Ukuta, chupa zilizovunjwa juu yake, geti, mbwa. Mtu anamjua mchezaji wa Uingereza na jeraha lake la goti, jirani yake akiugua anasikia msibani. Mimi simlaumu mtu kwa kujenga ukuta, wezi wapo. Lakini ukuta una mlango.

Nikuambie la kufanya: nunua nyanya genge moja, kwa mtu mmoja, kila siku. Ujue jina lake, ajue mwanao anasoma darasa la ngapi. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walilijaribu hili 2014 kwenye mgahawa wa kahawa: wateja walioambiwa wamtabasamie muuzaji na kuongea naye kidogo walitoka wamechangamka kuliko walioambiwa wanunue haraka waondoke. Huku kwetu hilo lilikuwa halihitaji maelekezo. Siku hizi naona vijana wanalipa kwa simu, wamevaa spika za masikioni, hata shikamoo haitoki.

Nimehamishiwa Mbeya kikazi, sina ndugu wala rafiki. Nianzie wapi?

Kwaya. Nasema hivyo kwanza kwa sababu mikoa hii yetu imejaa kwaya, kanisa kwa kanisa, na mazoezi yake ni mara mbili tatu kwa wiki. Unakutana na watu walewale, mnafanya kitu kimoja, mnapumua kwa pamoja. Usipoweza kuimba wataku­weka nyuma karibu na kinanda. Kama wewe ni Mwislamu, darsa za msikitini zinafanya kazi hiyohiyo. Kama dini si yako sana, kuna vikundi vya kukimbia Jumamosi asubuhi, kuna kijiwe, kuna Uwanja wa Sokoine siku ya mechi. Siri ni kurudi palepale. Urafiki hauji siku ya kwanza. Unakuja pale wanapoanza kuuliza jana ulikuwa wapi.

Jifunze salamu za wenyeji. Kwa Mnyakyusa sema *ugonile*, ukienda Iringa sema *kamwene*. Utakosea matamshi, watacheka, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Na ongea na watu safarini. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwapa abiria wa treni za Chicago kazi hiyo: wengine waongee na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya, wengine wafanye walivyozoea. Walioongea ndio waliofurahia safari zaidi, ingawa watu walipoulizwa wabashiri walidhani kukaa kimya ndiko kutakuwa na raha. Basi la kutoka Iringa hadi Mbeya ni saa kadhaa. Mpe jirani yako karanga.

Watu haohao ndio wanaoniudhi.

Najua. Punguza wachache, ongeza wengine. Si lazima uende kila kikao cha ukoo.

Simu inanimaliza. Nifanyeje?

Wanafunzi 143 wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walihusika katika jaribio lililochapishwa 2018: nusu walipunguza Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika kumi kila moja kwa siku. Baada ya wiki tatu upweke na huzuni vilikuwa vimepungua kwao. Hawakuacha kabisa. Walipunguza.

Kinachouma kwenye simu ni kulinganisha. Mtu anaweka status siku ya kununua gari. Siku gari linavutwa kwenda gereji haweki. Wewe unaona sherehe za watu mia moja kwa dakika tano, halafu unatazama sufuria lako la maharage. Nani atabaki salama?

Mimi simu yangu inalala sebuleni, kwenye yale makochi. Angalau yamepata kazi. Tangu hapo nalala kwa muda wa saa saba kila usiku, na ndicho kiasi ambacho mtu mzima anatakiwa asikishuke. Kabla hujatafuta siri yoyote ya furaha, lala. Nusu ya maswali ninayoulizwa yanaulizwa na watu wenye usingizi.

Nimeambiwa niandike kila siku vitu vitatu vya kushukuru. Nimechoka baada ya wiki. Nina kasoro?

Huna. Ushauri wenyewe una msingi: Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003, waliwapa watu kazi ya kuandika waliyojaliwa, wengine wakaandika kero zao, na wa kwanza wakayaona maisha yao vizuri zaidi. Lakini Sonja Lyubomirsky alipojaribu vipimo tofauti, walioandika mara moja kwa wiki ndio waliofaidika. Wa mara tatu kwa wiki hawakupata kitu. Shukrani nayo inazoeleka, ikawa kama kuita majina darasani.

Andika Jumapili tu. Na uandike kitu chenyewe, si jina la kitu. Ukiandika "nashukuru kwa afya" mkono umeandika peke yake. Ukiandika "leo goti halikuuma nilipopanda mlima wa Isyesye", hapo umeikumbuka siku.

Kuna namna nyingine napenda zaidi: mwambie mhusika. Kuna mwalimu, kuna shangazi, kuna fundi aliyekushonea kwa mkopo ulipokuwa huna kitu. Mpigie. Dakika tatu. Usianze na maneno makubwa, atadhani unaomba hela.

Juni na Julai nashuka kabisa. Ni baridi au ni mimi?

Baridi inachangia. Mbeya mjini ni mita 1,700 juu ya bahari, na miezi ile Njombe na Makete hata umande unaganda. Watu wanajifungia, wanaacha kutembeleana, wanakaa gizani. Huo ni upweke uliovaa koti.

Asubuhi toka uote jua, hata robo saa, ukiegemea ukuta wa mashariki, na umwite mtu mwote pamoja. Bibi zetu hawakukosea. Chemsha chai ya tangawizi kabla hujaitamani. Osha blanketi Mei, si Julai.

Na hapa niache utani. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango ulale. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haikuamshi, inakulaza moja kwa moja. Moto ukiwa ndani, dirisha liwe wazi, na kabla ya kulala jiko litoke nje, hata kama limebaki majivu mekundu tu. Watoto waelezwe pia.

Nasimama kutwa nzima nikipika. Bado nahitaji mazoezi?

Mama ntilie mwenzangu, kusimama kunachosha miguu bila kuufurahisha moyo. Kinachofanya kazi ni kutembea kwa kasi hadi utoke jasho. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake waliwachukua watu 156 wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka), umri miaka 50 na kuendelea. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi mara tatu kwa wiki, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu kwa kiasi kinachokaribiana. Anayetumia dawa asiache kwa sababu ya habari hii. Aongee na daktari wake kwanza. Wewe, shuka kwenye bajaji vituo viwili kabla ya nyumbani, ukiwa na mwenzako wa kusengenya naye. Kupanda mlima Loleza mara moja kwa mwaka ni sifa. Kutembea kila jioni ndiko kuna faida.

Ulanzi je? Si furaha hiyo?

Nimeishi Mufindi, usinijaribu. Ulanzi, pombe ya mianzi, uliogemwa asubuhi, bado mtamu, na watu wamekaa duara wanapokezana: raha ipo. Ila jiulize iko kwenye kopo au kwenye duara. Jaribu kunywa peke yako chumbani utaona. Anayehitaji kopo ndipo aongee na mkewe, au asiyeweza kulala bila hilo, huyo ameshahama kwenye furaha, na anahitaji msaada wa wataalamu, si mahubiri yangu.

Siipendi kazi yangu, na siwezi kuiacha. Nifanyeje?

Tafuta kipande chake unachoweza kukifanya vizuri kuliko unavyolipwa. Konda mmoja wa njia ya Mbalizi anatangaza vituo kama mtangazaji wa mpira, na watu wanaacha gari jingine wampande yeye. Mshahara haujaongezeka kwa hilo. Siku yake imeongezeka.

Zaidi ya hapo, uwepo ulipo. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250 kupitia simu zao, saa yoyote: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Karibu asilimia 47 ya wakati akili zao hazikuwepo kwenye walichokuwa wakifanya, na zilipokuwa zimezurura walikuwa na furaha ndogo. Hata kuosha vyombo kunachosha kidogo ukiwa unaosha vyombo, kuliko ukiwa unaosha vyombo huku unagombana kichwani na mkuu wako wa kazi.

Nyumbani napigwa. Hizi mbinu zitanisaidia?

Hapana. Daftari la shukrani halizuii ngumi. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na umwambie mtu mmoja unayemwamini leo.

Mkristo au Mwislamu wa kweli anaweza kukosa furaha? Nimesali sana.

Anaweza, kama anavyoweza kuugua malaria. Sala inamsaidia mtu, na kusali na wenzako kunamsaidia zaidi, lakini hakuna aliyeambiwa akishasali asimeze dawa. Ninayemwogopa ni yule anayemwambia mgonjwa kuwa imani yake ni ndogo.

Na hilo sisemi kwa kusikia. Shule moja niliyofundisha tulikuwa na mwalimu mwenzetu aliyeacha kuja ofisini mapumziko. Alikaa darasani peke yake, hakula, akicheka anacheka kwa kuchelewa. Tulisema ana majivuno. Mimi nilisema, tena kwa sauti. Ilikwenda hivyo karibu muhula mzima, hadi mfagizi wa shule, mama asiyejua saikolojia yoyote, alipomfuata na kumuuliza kama analala usiku. Alikuwa halali. Mfagizi ndiye aliyemsindikiza hospitali. Alipona akarudi kufundisha, na mpaka leo tunapigiana simu. Sijawahi kumwambia nilichosema.

Nitajuaje kama ni huzuni ya kawaida au ni sonona?

Huzuni ina sababu, ina kupanda na kushuka, na kichekesho kizuri kinaipenya. Sonona inakaa. Ukiona wiki mbili zimepita na karibu kila siku moyo ni mzito, au vitu ulivyovipenda havina ladha tena, huku usingizi au hamu ya kula vimeharibika, nguvu hakuna, unajiona mzigo au huna thamani, usingoje wiki ya tatu. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya ina huduma za afya ya akili. Kama mawazo ya kufa yanakuja, nenda leo, na usiende peke yako. Na kama unayesoma hapa unamshuku mwenzako, muulize kama alivyouliza yule mfagizi: unalala? Akijibu hapana, vaa viatu umsindikize.

Haya yote ni mengi. Kesho nifanye lipi?

Amka, toka nje kabla hujawasha data. Msalimie jirani wa kushoto kwa jina. Kama hulijui, kesho ndiyo siku ya kuliuliza. Jioni mpigie mtu mmoja ambaye hujaongea naye tangu mwaka jana. Hayo matatu tu, kwa wiki moja. Ukiona hayajakufaa, njoo unikosoe: tunakaa Jumamosi, saa kumi jioni. Beba kikombe chako, vya kwetu havitoshi.